Nimemaliza Wheel of Time, zile riwaya za Robert Jordan, vitabu vyote 14. Sasa nielezeni, kile kiko kiliwakaje?

#1 Msomaji_wa_Usiku
Wakuu salaam. Onyo kwanza, uzi huu una spoila kuanzia mstari unaofuata mpaka chini kabisa, kama uko katikati ya safari toka sasa hivi usije ukanilaumu.

Juzi saa tisa usiku nimefunga A Memory of Light, kile cha mwisho. The Eye of the World, cha kwanza, nilianza nikiwa form five, leo nina watoto wawili na mkubwa yuko la tatu. Sio kwamba nilikuwa nasoma mfululizo, kitabu cha 10 peke yake kilinikalia mwaka na nusu, nikakitupa kwenye droo na chaja mbovu, lakini nimemaliza. Nikabaki naangalia dari kama mtu aliyetoka kumsindikiza ndugu stendi, basi limeshaondoka na wewe bado unapunga mkono.

Kwangu mimi mwisho umekaa vizuri. Rand, shujaa wetu, hakumuua yule Mwovu ingawa angeweza, amemfungia tena. Rafiki zake nao, Mat kaongoza vita, Perrin kamaliza kazi yake, Lan yule mpiga upanga yuko hai jamani, Lan! Mimi nilishamzika tangu kitabu cha 12.

Sasa kurasa za mwisho kabisa. Rand yumo ndani ya mwili wa Moridin, yule mtumishi wa Mwovu, mwili wake mwenyewe unachomwa kwenye kuni na watu wanalia, yeye anaondoka zake kimyakimya. Anajaribu kuchaneli, yani kutumia ile Nguvu ya kichawi, hamna kitu, imemtoka. Kiko kimejaa tumbaku. Anakifikiria tu kwamba kimewaka. Kinawaka. Kitabu kinaisha hapo.

Miaka yote hiyo nimefundishwa sheria za ile Nguvu kama fizikia ya advance, nani anaweza nini na kwa nini, halafu ukurasa wa mwisho mtu anawasha kiko kwa mawazo. KILIWAKAJE?

#2 dereva_wa_muscat
Nipo siti ya mbele. Hili swali lilininyima usingizi 2016.

#3 Kamusi_Hai
Hongera mkuu kwa kumaliza. Jibu ni rahisi watu wanalikuza tu: zawadi ya Muumba. Mtu kaokoa dunia nzima, kapoteza mkono, kapoteza kila kitu, Muumba kamwambia basi chukua hiki kidogo ukatembee nacho. Na Muumba kwenye hadithi hii yupo, sauti yake imesikika kabisa kule Shayol Ghul, mlima wa Mwovu, kabla Rand hajaingia. Kwa hiyo sio kitu kilichodondoka toka juu ya dari.

#4 Mlinzi_wa_Zamu
#3 hapo umechemka kidogo kaka. Muumba wa ile dunia kazi yake ni kuumba na kukaa pembeni, hagusi kitu. Katoa sauti, sawa, lakini hakumsaidia hata ngumi moja. Aje amsaidie kuwasha kiko?

Rudini kwenye lile pambano lenyewe. Pale Rand na yule Mwovu hawapigani kwa moto na radi, wanaoneshana dunia. Huyu anasuka dunia moja mbaya anamuonesha mwenzie, yule naye anasuka yake. Rand anasimama NJE ya ule mfumo wa maisha, anaushika nyuzi kwa nyuzi. Ndo pale anatengeneza dunia isiyo na uovu kabisa halafu anamuona Elayne, mpenzi wake, macho yake hayana mtu ndani, anashtuka, anaelewa kwamba akimuua Mwovu amewaua na watu pia maana hawatakuwa na cha kuchagua. Sasa mtu aliyeshika nyuzi za dunia kwa mkono wake unadhani akitoka pale anarudi kuwa chane ya mkeka kama sisi? Kiko sio uchawi. Ameuambia mfumo "kiko kimewaka" na mfumo umetii.

(Nipo lindoni, saa nane hii, nikipotea ujue supavaiza kapita)

#5 BintiPemba
@Mlinzi_wa_Zamu umesema chane umenigusa mwenyewe. Mimi hii hadithi nimeielewa kwa mkeka. Wazungu wanasema gurudumu linafuma kitambaa, sawa, lakini bibi yangu alikuwa msusi na ndiye aliyenifundisha. Watu wengi wanafikiri mkeka unasukwa mzima mzima, hapana. Unachana miyaa upate chane, unasuka ukili, ule utepe mrefu, unauzungusha unakuwa kama kamba ya jahazi, ndo baadaye unaushona upande kwa upande mpaka mkeka utoke. Unaposuka chane ikikuishia mkononi unapachika nyingine juu yake, pale pale, na mtu akiangalia haoni ilipoishia ya kwanza.

Mimi nilipofika pale Rand kaingia mwili wa Moridin nikamkumbuka bibi. Chane imepachikwa. Moja imeishia pale, nyingine imeendelea na msuko haukukatika.

Kuhusu kiko nakubaliana na #4 nusu. Sio kwamba katoka nje ya mkeka. Kajua mkono wa msusi unavyokwenda.

#6 Kitambi_Noma
Mkeka?? Mie wangu wa jumamosi umechanwa na timu moja tu dakika ya 90, timu 11 zote zimetiki. Huyo Rand angekuwa na roho ya kuniwashia hata hiyo moja.

#7 BintiPemba
Astaghfirullah 😂😂 Mods huyu kakosea jukwaa, la michezo liko kule.

#8 Prof_Njaa
Mnahangaika bure wazee. Jordan alikufa 2009 bila kumaliza, mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, ndo kamaliza, na Sanderson kwenye vitabu vyake anapenda mambo ya namna hiyo. Hicho kiko ni cha Sanderson. Kaweka mbwembwe zake mwishoni ili tumkumbuke.

#9 Kamusi_Hai
Prof hapo karekebishe notsi.

Moja, Robert Jordan kafariki 16 Septemba 2007. Hiyo 2009 ni mwaka wa The Gathering Storm, kitabu cha kwanza kati ya vitatu alivyoshika Sanderson. Cha pili 2010, cha mwisho Januari 2013.

Pili, na hili ndo la msingi, ile sehemu ya mwisho Jordan aliiandika MWENYEWE kabla hajafa. Aliijua miaka na miaka mwisho uko wapi. Alipotangaza ugonjwa 2006, amyloidosis, ulimshika mpaka moyoni, akawa anaandika anachoweza na kuwasimulia watu wa nyumbani kwa mdomo yaliyobaki, wanarekodi. Kwa hiyo kiko ni cha mzee mwenyewe. Ndo maana kinauma.

#10 Prof_Njaa
Sawa nimenyoosha mikono kwenye tarehe. Ila bado nasema mtu mwingine kabisa kushika hadithi ya mwenzie ni kamari. Nasikia mjane wake alichagua tu jina kwenye orodha ya waandishi.

#11 Nesi_Zamu_C
@Prof_Njaa mdogo wangu leo una siku mbaya. Harriet McDougal hakuwa mjane tu, alikuwa mhariri wake toka mwanzo, kila kitabu kimepita mikononi mwake. Jordan alipokufa Sanderson aliandika maneno ya kumuaga kwenye blogu yake, Harriet akayasoma, akaona huyu kijana anaijua hii nyumba. Desemba 2007 wakatangaza. Na Sanderson alikuwa msomaji wa hivi vitabu toka akiwa kijana mdogo, kama sisi tu.

Mimi nimesoma vile vitatu vya mwisho zamu za usiku, wodi ikitulia. Unamsikia kabisa kwamba ni mtu mwingine, Mat wa kitabu cha 12 ana utani ambao sio wake, nilikasirika. Lakini kuna Verin. Jamani yule bibi na chai yake. Nilikuwa nimeshika faili la mgonjwa mkono mmoja na simu mkono mwingine, nikasema "HAA" kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha nne akaamka akaniuliza sista kuna nini.

#12 Wa_Mtaa_wa_Saba
Wasee niaje. Mimi kitabu cha kwanza nilikitoa kwa wale wa vitabu vya mtumba pale Tom Mboya Street, soo mbili, kava limetoka. Ya nane sikuwahi ipata mpaka leo. Niliruka kutoka saba hadi tisa na si uongo, sikuona tofauti 😂

#13 Nesi_Zamu_C
Ya nane ndo The Path of Daggers. Hujakosa kitu kikubwa mdogo wangu, ila usiseme nimesema.

#14 Mkosoaji_Mkuu
Ngojeni na mimi niharibu harusi. Mnasema mwisho umeridhisha. Umeridhisha nani?

Padan Fain, yule mchuuzi mfuasi wa Mwovu. Huyu mtu yumo toka kitabu cha kwanza, toka 1990. Mnafanyiwa vitisho vya Fain vitabu 14, anakua, anabadilika, anageuka kuwa ukungu unaoua, halafu anakuja kufa kwa Mat ndani ya aya chache tu. Hata chai haijapoa.

Egwene. Amyrlin, mkuu wa Aes Sedai, wale wanawake wenye Nguvu, aliyejengwa polepole kuliko mtu yeyote humo ndani, anakufa, na Rand hata kumlilia vizuri hakumlilia.

Sura ya 37. Sura MOJA. Inaitwa Last Battle na ina urefu wa kitabu kizima cha mtu mwingine. Niliisoma siku tatu, nikawa sijui nani yuko kilima gani.

Na halafu kiko. Mtu anayetengeneza sheria miaka ishirini na tatu asizivunje ukurasa wa mwisho kisa anataka tutabasamu.

#15 Msomaji_wa_Usiku
@Mkosoaji_Mkuu la Fain nakupa, na hata mimi nilirudi nyuma kurasa mbili nikidhani nimeruka. Ila la Egwene hapana. Rand akiwa kule ndani kila mtu anayekufa nje anamsikia, kimoja kimoja, na cha Egwene ndo kinamvunja kabisa. Halafu sauti ya huyo huyo Egwene ndo inamwambia awaachie, kwamba kila mtu kafa kwa uamuzi wake mwenyewe asiwabebe yeye. Asingemsikia asingesimama tena. Kumlilia gani zaidi ya hapo?

Na sura ya 37 ni ndefu makusudi. Vita haina sehemu ya kwenda kujisaidia. Mimi niliisoma usiku mmoja, asubuhi nikaenda kazini nikawa nawaangalia watu kwenye daladala kama wote wamesalimika toka uwanja wa vita wa Merrilor. Konda ananidai nauli namuangalia tu.

#16 Wa_Mtaa_wa_Saba
Mkosoaji linganisha na ile ya mazimwi ya tivi bana. Game of Thrones. Mei 2019 nilikuwa na maboyz nane kwa sitting room, tumechanga ya nyama, episode ya mwisho ikaisha hakuna mtu aliongea. Mmoja akachukua koti akaenda. Hata bye hakusema. Na vitabu vyenyewe, cha tano kilitoka 2011, bado tunangoja. Alafu wewe hapa umepewa mwisho kamili, unalia juu ya Fain.

#17 Mkosoaji_Mkuu
Kushindwa kwa jirani hakunishibishi mimi.

#18 Kamusi_Hai
Hiyo nimeipenda lakini bado umekosea 😂

#19 Mpanda_Punda
Watu mnamlilia Egwene, mnamlilia Siuan, hamna hata mmoja aliyemtaja BELA. Yule farasi jike mnene aliyetoka nao kijijini Emond's Field kitabu cha kwanza. Kavuka vitabu 14, kabeba kila mtu, hajawahi kulalamika, anakuja kufa kwenye vita ya mwisho. Kwetu tuna punda wa kubebea maji na nikasema jamani huyu ni Bela. Siku ile nilimpa pumba debe zima, mama akanigombeza.

#20 dereva_wa_muscat
Bela usimtaje. Usimtaje kabisa.

Nirudi kwenye mada. Nitoe yangu, nimekaa nayo toka 2016 nikisubiri bosi nje ya maduka, gari inanguruma kwa ajili ya eisii. Mnasahau mwili ni wa NANI. Moridin. Huyu alikuwa anatumia ile nguvu nyingine, ya Mwovu mwenyewe, hadi macho yalikuwa yanatembea madoa meusi. Na Rand na Moridin walishaunganika toka kitabu cha 7 kule Shadar Logoth, ule mji uliolaaniwa, mioto yao ya balefire iligongana. Baada ya hapo huyu akiumia na yule anasikia. Kwa hiyo Rand kaingia kwenye nyumba ambayo bado ina umeme wa mwenye nyumba wa zamani. Tanesco hawajaja kukata.

#21 Mlinzi_wa_Zamu
Supavaiza kapita, nimerudi.

Dereva hiyo ya umeme imenichekesha ila haiwezi kuwa. Umeme wenyewe chanzo chake ni Mwovu, na Mwovu kafungiwa nyuma ya ukuta mpya hauna hata ufa. Laini imekatwa kwenye nguzo, sio kwenye mita. Tena Rand alipofunga lile tundu alitumia hiyo hiyo nguvu ya Mwovu, aliinyonya kupitia Moridin na upanga ule wa kioo, Callandor. Kasoro ya upanga iliyotutisha vitabu vyote ndo ikawa mtego wenyewe. Hapo mzee Jordan ameupiga mwingi, Mkosoaji akatae asikatae.

#22 Kitambi_Noma
Kwa hiyo ni luku iliyobaki yuniti mbili.

#23 dereva_wa_muscat
HAHAHA ndo hiyo. Yuniti mbili. Sijabadili msimamo.

#24 Mjukuu_wa_Bi_Kizee
Habari zenu. Mgeni hapa, nasoma tu siku zote, leo nimeshindwa kunyamaza.

Hamna aliyemtaja Nakomi. Yule mama wa Kiaiel, wale watu wa jangwani, anayemtokea mwenzao Aviendha usiku kwenye kitabu cha 13, anaongea naye karibu na moto, halafu haeleweki kaja toka wapi. Sasa mwishoni Rand anatambaa kutoka mle ndani ya mlima anakufa, kuna mwanamke anamwinamia anamwambia ndiyo, hivyo hivyo, ndo unachotakiwa kufanya. Hana jina pale. Mimi nasema ni yeye. Na kama ni yeye basi kuna mtu ANAJUA kuhusu kubadilishana miili na alisimama hapo kuhakikisha inafanyika. Kiko kitakuwa upande huo huo. Nani alimtuma sijui.

#25 Kamusi_Hai
Karibu sana ndugu mgeni, na umeingia na nondo. Huyo mama ni shimo lisilo na mwisho, watu wamegawanyika vibaya sana huko nje.

#26 Fundi_Redio_Mbeya
Mimi naona mnazunguka mti. Jibu liko kitabu cha 3, 4 na kuendelea: Tel'aran'rhiod. Dunia ya ndoto. Kule ukifikiria umevaa gauni jekundu umevaa gauni jekundu, ukifikiria umeshika taa umeshika taa. Perrin kaitawala, Egwene kaitawala. Sasa someni upya ile sentensi ya kiko. Anafikiria, kinakuwa. Ni sheria ile ile ya ndotoni ila yeye yuko macho. Alipotoka kupambana nje ya dunia alirudi na mlango haujafungwa vizuri, huku na kule zimeingiliana kwake yeye tu. Kwa hiyo @Mkosoaji_Mkuu hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ilikuwepo, imehamishwa chumba.

#27 Mkosoaji_Mkuu
Hii ndo ya kwanza humu ndani yenye akili. Sikubali lakini ina akili. Maana ukifuata hiyo mtu atasema basi Rand bado yuko ndotoni, na hiyo ya "kumbe ilikuwa ndoto" tuliachana nayo darasa la sita kwenye insha.

#28 Fundi_Redio_Mbeya
Sijasema ni ndoto, nimesema sheria za ndoto. Redio ikishika stesheni ya Malawi haina maana redio iko Malawi.

#29 Nesi_Zamu_C
Mwenzenu hili la kiko halijawahi kunisumbua. Kilichonipata mimi ni mwisho wa kitabu cha 12, juu ya Dragonmount. Rand ameshakuwa jiwe, hana huruma, karibu amuue baba yake mzazi, yani baba aliyemlea, Tam. Kapanda juu ya mlima ana nguvu ya kufuta dunia na anauliza tunarudi rudi duniani ya nini kama ni kuteseka tu. Halafu anajijibu mwenyewe: tunarudi ili tupate nafasi tena, ya kupenda tena. Anacheka. Baada ya kitabu na kitabu hajacheka, anacheka.

Nilisoma pale wiki tatu baada ya kumzika mama. Sikulia msibani, nilikuwa napokea watu, nagawa sahani, nahesabu viti vya kukodi. Nililia kwenye kiti cha plastiki koridoni saa kumi alfajiri kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo hata kingeishia pale mimi ningekuwa nimelipwa. Kitabu cha 14 kwangu ni bakshishi.

#30 Msomaji_wa_Usiku
Pole sana dada.

#31 BintiPemba
Mungu amrehemu mama.

#32 Mpanda_Punda
Pole sista. Na asante kwa kusema.

#33 Prof_Njaa
Pole dada. Mimi nilikuja hapa kubishana lakini nikubali kitu kimoja. Jordan alikuwa mwanajeshi wa Vietnam, kwenye helikopta, na alisomea fizikia. Ukijua hilo ule mlima unausoma tofauti. Huyu mtu alijua nini maana ya kugeuka jiwe.

Na kwa kiko: mtu wa fizikia akiacha kitu kimoja bila maelezo, kakiacha makusudi. Ana daftari za notsi chungu nzima mpaka majina ya farasi, ashindwe kuandika mstari mmoja wa kiko? Kaacha. Sanderson kaulizwa mara ngapi na jibu la kufunga mjadala hajatoa. Nasema ni mzaha wa mzee wa Charleston, kakaa huko anacheka tunavyotoana macho.

#34 Kamusi_Hai
Prof leo umejikomboa.

Au alikuwa anaacha mlango. Alikuwa na mpango wa vitabu vingine baada ya hivi, vya Mat na mkewe Tuon kule Seanchan, hakuwahi kuviandika. Huenda kiko kingeelezwa huko. Au kisingeelezwa.

#35 Wa_Mtaa_wa_Saba
Na ile ya tivi je? Mimi niliona hiyo ya Amazon kwanza ndio nikarudi kwa vitabu. Rosamund Pike alikuwa Moiraine mkali sana. Walianza 2021, season tatu, 2025 wakaikata. Season ya tatu ndo ilikuwa imeanza kushika moto manze, Rhuidean ile, nikalala na nywele zimesimama.

#36 Mkosoaji_Mkuu
Hao nao hawakufika hata kwenye kiko.

#37 dereva_wa_muscat
Kwa hiyo tivi ikakatwa kabla ya mwisho na mwandishi akakatwa kabla ya mwisho ila mwisho upo. Mnaona lakini.

#38 Fundi_Redio_Mbeya
Kuna mtu anakumbuka 2013? Kitabu cha karatasi Januari, cha kusoma kwenye simu kikachelewa hadi Aprili. Miezi mitatu. Watu wakajaa kwenye duka la mtandaoni kutoa nyota moja moja kwa hasira, kitabu wenyewe hawajakisoma. Mimi nilikuwa nakwepa mtandao kama mtu anayedaiwa. Halafu jamaa mmoja wa ofisini, alikuwa na ndugu Ulaya kamletea, akapita mezani kwangu na sahani ya chipsi akasema "Gawyn mjinga kajiua bure kwa Demandred" akaendelea kutembea. Mpaka leo sijamsamehe. Chipsi zake nilizila lakini sijamsamehe.

#39 Kitambi_Noma
Huyu wa chipsi ndo Mwovu mwenyewe.

Mimi sijasoma hata kimoja nimekuja sababu ya neno kiko, babu yangu alikuwa na kiko. Kikizima alikuwa anakaa nacho mdomoni hivyo hivyo, hakuna moto, anavuta. Ukimuuliza babu kimezima, anakwambia kwako ndo kimezima.

#40 BintiPemba
@Kitambi_Noma wewe!! Hujasoma hata kimoja na umetoa jibu zuri kuliko sisi wote.

#41 Mlinzi_wa_Zamu
Kwako ndo kimezima. Naandika kwenye ukuta wa kibanda hapa.

#42 Mkosoaji_Mkuu
Sasa babu wa Kitambi ni nadharia ya saba au ya nane? Nimepoteza hesabu. Muumba, mfumo, mkeka, luku, Nakomi, ndoto, mzaha wa mzee, na babu.

#43 Mjukuu_wa_Bi_Kizee
Kuna moja tu inaniuma ambayo hamjaigusa. Moridin. Huyu ndo aliyechoka na maisha kuliko wote, alitaka gurudumu livunjwe ili asizaliwe tena. Sasa kafa ndani ya mwili wa Rand. Kwa hiyo wale wafalme na Aes Sedai wamesimama kwenye ule moto wanamlilia Moridin. Kazikwa kishujaa, na kuni nzuri.

#44 Msomaji_wa_Usiku
Sikuwahi kuliona hilo. Nimesimama sokoni nacheka peke yangu muuza nyanya ananiangalia.

Bibi yangu akimaliza hadithi alikuwa anasema ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu mwenyewe. Nashukuruni kwa michango, nimerudi kitabu cha kwanza jana, ukurasa ule wa upepo. Tam na Rand wako njiani wanaenda kijijini na mkokoteni, na anayekokota ni Bela.

#45 Mpanda_Punda
Mkuu usinifanyie hivyo.

#46 kijana_wa_mwanza
Wakuu naomba msaada, mimi niko kitabu cha 4 nimesoma uzi wote kwa bahati mbaya. Kwa hiyo Rand mwishoni anakufa au hafi?

#47 Kamusi_Hai
Ndiyo.